Gemu la Kumwangusha Kinyonga

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili si langu. Lilikuwa kwenye mfuko wa koti la mteja aliyeleta nguo halafu akahama mji. Lina tarehe kila ukurasa na kamba nyekundu katikati. Mwenyewe hakuandika hata neno moja. Mtu mzima, koti zuri vile, hana la kusema! Mimi ninalo. Shida yangu mdomo. Mdomo wangu ukiona watu unakauka kuliko shati la juzi. Pale kazini wananiita Kimya. Basi nitaandika. Shule niliachia darasa la tano, lakini herufi hazijanitoroka zote.

Habari kubwa leo. Bosi katukusanya mbele ya boila. Bosi ni mama mtu mzima, ila hatumwiti Mama, kwa sababu siku moja Kinyonga, mwenzangu wa pasi, alimwita hivyo akaulizwa alizaliwa hospitali gani. Kasema anafungua dobi ya pili, mkabala na hospitali. Anataka msimamizi. Ni ama mimi, ama Kinyonga. Atatuangalia siku kumi na mbili, Jumamosi ya tarehe 15 atatamka.

Na msimamizi anapewa chumba cha juu. Chumba! Chenye mlango!

Haya naandikia kwenye kochi la dada yangu. Nimelala hapa miaka minne, kochi limeshachukua umbo langu. Dada ana mimba ya miezi minane. Kochi linatoka, kinaingia kitanda cha mtoto. Jana shemeji alikuja kulipima kwa futi kamba. Nilikuwa nimelala juu yake. Alinipitishia futi mgongoni, akasoma namba kwa sauti, akaandika. Hakuniamsha. Nilikuwa macho.

Kwa hiyo nakitaka chumba kile.

Sasa Kinyonga. Shati moja anapiga pasi dakika tisa. Mimi nne. Kitambaa chake cha mfukoni anakipiga pasi kila siku ingawa hajawahi kukitumia, nimemchunguza. Ana miaka miwili pale, mimi minne. Kwa haki chumba ni changu. Tatizo: yeye hajaunguza nguo hata moja. Mimi nimeunguza saba. Sita, kwa kweli. Moja ilikuja na tundu lake.

Tatizo la pili: mwezi uliopita nimechelewa kazini mara tisa. Sababu ni gemu.

Ni gemu la kizamani, la mangome na mapanga, nalichezea kwenye kompyuta niliyouziwa na fundi simu. Unaanza huna kitu, una farasi tu na wakulima watano wenye majembe. Unazunguka, unaokota watu, unapigana, unateka ngome, unaoa binti wa bwana mmoja mwenye ngome yake. Miaka miwili sasa. Nina ngome kumi na moja. Nina mke. Farasi wangu nimemwita Shemeji, kwa sababu anakula sana na hasikii.

Gemu limenifanya nichelewe mara tisa. Mimi, mtu mwenye akili zangu! Je, litamfanyaje Kinyonga?

Jumanne, 4 Machi

Nimempendekezea.

Nilifanya mazoezi asubuhi mbele ya makoti yaliyotundikwa kwenye hanga. Makoti yalinielewa vizuri. Kwa Kinyonga maneno yakaja kinyumenyume. Nilitaka nianze na uzuri, nikaanza na ubovu. Ndiyo shida ya kutozoea kusema, mtu anasema ukweli.

Nikamwambia gemu lina matatizo. Farasi akigusa ukuta anakimbia palepale kama mtu anayetafuta choo. Mfalme anakuahidi ngome, ukishaiteka anampa mpwa wake. Ukimtembelea mkeo anasema sentensi ileile moja, hata ukiingia na mshale shingoni. Halafu kuzingira ngome ndiyo balaa. Una askari mia tatu, wamebeba silaha za kila aina, wanafika ukutani wote wanang'ang'ania ngazi moja. Moja! Wanapanga foleni chini, wa juu wanawapiga mishale, na wao wamesimama tu kama wanasubiri kusainiwa fomu.

Kinyonga alikuwa kwenye kola. Akamaliza kola. Akageuza shati. Ndipo akaniuliza: sasa kama ni baya hivyo, kaka, unalichezea nini?

Hilo makoti hayakuniuliza. Nikamwambia basi tu, ukiteka ngome moja unaiona ya pili kwa mbali. Unasema niifikie ile tu, halafu nilale. Na nyuma yake ipo nyingine.

Akamaliza mkono mzima wa shati. Akauliza kwa nini hawaleti ngazi ya pili.

Nikasema watengenezaji hawana akili. Akatikisa kichwa kama daktari. Halafu akasema angependa kulijaribu, ila hana kompyuta.

Hili sikulipangia.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwazima yangu. Roho imeniuma, lakini vita ni gharama.

Nimeibeba kwenye foronya ya mteja. Kwenye kibodi herufi ya F imeng'oka. Feni yake inalia kuliko boila letu, na lazima uiwekee kompyuta kandambili chini isichemke. Yote hayo nilimwonyesha. Anakaa na mama yake, chumba na ukumbi, kila kitu kimekunjwa. Hata gazeti la juu ya meza limekunjwa kwa mstari. Mama yake akanikaribisha kwa heshima zote, akasema mwanawe hana marafiki, amefurahi kumpata mmoja. Nikaitikia. Masikio yaliwaka moto.

Nikamwambia Kinyonga: bonyeza kitufe kikubwa cha juu, kile chekundu, utaanza. Nikaondoka haraka nisijionee huruma.

Niko kwenye kochi. Vidole vinatembea vyenyewe juu ya mto. Shemeji kapita akamuuliza dada kama ndugu yake anapiga kinanda.

Alhamisi, 6 Machi

Kinyonga kafika kazini mapema! Kabla ya Bosi!

Nikamuuliza vipi, umecheza? Akasema ndiyo, saa moja. Nikadhani anamaanisha alilala saa moja asubuhi, moyo ukaruka. Hapana. Alicheza muda wa saa moja. Saa moja! Aliweka kengele, kengele ikalia, akafunga. Nimemtazama mtu huyu usoni kwa muda mrefu sijaona kitu.

Halafu yaliyofuata.

Lile gemu lina nafasi moja tu ya kuhifadhi. Moja! Ubovu mwingine, na huu nilisahau kuutaja. Anayeanza upya anamfuta aliyekuwepo. Na mimi, kwa mdomo wangu huu usiosema kitu, siku moja nimesema kitu kikawa ni bonyeza kile chekundu.

Ngome kumi na moja. Mke. Farasi wangu Shemeji. Miaka miwili!

Kinyonga kaniambia pole, hakujua. Akanishikia pasi nikae. Na kwa kuniliwaza akaendelea kunitia misumari. Anasema anasoma kila kitu kwenye gemu, kwa kamusi ya shule. Maandishi yote ni ya kigeni, mimi nilikuwa naenda kwa rangi na mahali. Wakulima wakija kuomba hifadhi, nabonyeza kitufe cha tatu. Cha tatu si karibuni. Cha tatu ni wafukuzeni na mchome nyumba.

Ndiyo maana vijiji vilikuwa vinanirushia mawe. Nilidhani ni mila zao.

Na mke wangu? Nikauliza kwa sauti ya chini. Ile sentensi yake kila nikirudi? Nilidhani ananiambia ananipenda. Kinyonga akakunja shati moja. Akasema yule bibi anauliza atarudishwa lini kwao.

Ijumaa, 7 Machi

Alfajiri nimepita kwa Kinyonga. Si kwa sababu ya gemu. Ni kukagua mtego.

Yeye alikuwa anaoga. Nikafungua nikatazama kidogo. Siku mbili tu na tayari ana wakulima ishirini, wote wana viatu! Mimi wangu walipigana pekupeku miaka miwili. Nikawaongoza kidogo kwenye msitu. Kidogo sana.

Kinyonga akatoka, akavaa, akanywa chai, akasema twende kaka. Nikasema natangulia nyuma yako.

Nimefika kazini saa nne. Bosi kauliza nilikuwa wapi. Nikajiandaa kujieleza, nikafungua mdomo, nikasema shikamoo. Nilikuwa nimeshamwamkia. Kinyonga akaniokoa, akasema nilikuwa na tumbo. Bosi akaandika kitu. Yule wa kaunta, ambaye tunamwita Risiti kwa sababu hakupi kitu bila karatasi, hata salamu, akanitazama tumbo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechelewa tena. Mama Kinyonga ananiwekea chai sasa, amezoea.

Halafu jioni nimeunguza ya saba. Suruali ya kijivu ya mwalimu mkuu. Nilikuwa nafikiria daraja. Kwenye ramani ya Kinyonga kuna daraja moja kaskazini ambalo askari thelathini wanaweza kulizuia jeshi zima ukiwapanga vizuri, na nilikuwa nawapanga, na pasi nayo ilikuwa imepangwa juu ya paja la mwalimu mkuu. Alama imetoka safi. Imechongoka mbele, ina kitako kipana nyuma. Kama ngao. Nzuri kweli.

Nimeificha kwenye rafu ya nguo zisizodaiwa, chini kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya. Niandike taratibu.

Sisi pale dobi tuna meza moja kubwa ya pasi katikati. Kila kitu kinapita hapo. Shati, shuka, suruali, pazia. Mwenye shati moja anamsubiri mwenye pazia la dirisha zima. Ndivyo nilivyoikuta, ndivyo wote walivyoikuta. Tunasimama na pasi mkononi, tunasubiri.

Asubuhi Kinyonga kaenda kwa Bosi, kitambaa chake mfukoni, akamwomba ruhusa atoe ile meza ya zamani iliyoko stoo. Akaiweka upande wa pili wa boila. Shuka na mapazia huku, mashati na suruali kule. Basi. Hakuna kingine. Kazi tuliyokuwa tunamaliza saa kumi na mbili jioni, leo imeisha saa tisa. Risiti katoa karatasi zote akabaki hana la kufanya, akafuta kaunta mara nne.

Bosi akamuuliza Kinyonga hii akili kaitoa wapi.

Na yeye, bila aibu, akasema kwenye gemu. Akamweleza habari za askari wanaogombea ngazi moja, wakati ukuta mzima uko wazi. Kasema alipoona vile mara ya kwanza alijua amewaona mahali watu wale, na mahali penyewe ni hapa. Na aliyempendekezea gemu ni huyu kaka Kimya.

Wote wakanigeukia. Nafasi ilikuwa hiyo! Ilikuwa niseme: ndiyo Bosi, mimi ndiye niliyesema kwanza habari ya ngazi, kwa mdomo wangu, Jumanne. Miaka miwili nimeitazama ile ngazi. Askari wangu maelfu wamefia pale. Hakuna mtu duniani anayeijua ngazi ile kuliko mimi!

Nikasema shikamoo.

Jumatano, 12 Machi

Mpango wa pili. Nitamharibia ndani ya gemu. Mtu akiharibikiwa kule lazima akasirike, akikasirika halali, asipolala ataunguza.

Kuna bwana mmoja kwenye gemu, ana ndevu nyeusi na sauti nzuri. Anakuja kukuomba urafiki, anataka umpe ngome aitunze. Mimi nilimwamini mara mbili, mara zote mbili akafungua lango adui wakaingia. Mara ya pili nilimpa kwa sababu alionekana amejuta.

Leo nikiwa natundika mashati nikamwambia Kinyonga: ukimwona yule mwenye ndevu nyeusi, mpe ngome. Mtu mzuri sana yule.

Akasema ameshamfunga gerezani tangu Jumapili. Nikauliza kwa nini, kakukosea nini? Akasema imeandikwa chini ya jina lake kwamba ni msaliti.

Imeandikwa. Chini ya jina lake. Muda wote.

Halafu akanitazama, si kwa ubaya, akaniuliza: na wewe, kaka, ulimpa ngome? Nikasema hapana. Akasema mara ya kwanza au ya pili? Nikaenda kutundika upande mwingine.

Alhamisi, 13 Machi

Mwalimu mkuu kaja kuchukua suruali. Ana mahafali kesho.

Risiti katafuta. Huyu mwanamke akitafuta hakuna kitu kinachobaki kimejificha. Akaenda moja kwa moja rafu ya zisizodaiwa, akachomoa, akaikunjua juu ya kaunta mbele ya wateja watano. Ngao ikaonekana. Mtoto mmoja akasema wee!

Mwalimu mkuu kauliza nani kafanya hivi. Kila mtu akatazama pasi yake. Niliona miguu yangu inatembea kwenda kaunta, sikuituma. Nikafika. Nikamtazama. Alinifundisha darasa la nne huyu. Nikajua kabisa nitasema nini na sikuweza kuzuia.

Shikamoo, mwalimu.

Akasema marahaba, akanitambua, akasema kwa huzuni: bado ni wewe.

Bosi kaandika tena. Daftari lake linajaa upesi kuliko langu. Siku mbili tu zimebaki.

Dada leo kaniuliza kwa upole kama kuna matumaini. Nikasema yapo. Akasema shemeji ameshapata mtu wa kulichukua kochi Jumapili. Nikasema sawa. Alikuwa anakunja nguo za mtoto, ndogo kama soksi. Nikamsaidia mbili tatu. Nguo ndogo zinataka pasi ya moto mdogo sana, nilimwambia. Akacheka akasema asante, lakini nisimpigie mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Bosi katamka. Kinyonga.

Nilijua. Lakini kujua na kusikia ni vitu viwili. Nikaangalia boila. Nilikuwa najipanga nitaomba wapi pa kulala, nikahesabu watu wote ninaowajua, wakaishia kwa fundi simu, na yeye hulala kibandani kwake, miguu nje.

Halafu Kinyonga akanyoosha mkono kama darasani. Kasema anashukuru, kazi anaipokea, ila chumba hakihitaji. Mama yake ana magoti, ngazi hazipandi, na yeye hawezi kumwacha. Akaomba nipewe mimi. Kasema kila kitu kilianza kwa pendekezo la Kimya. Na mtu wa kulala juu ya duka ni muhimu, kwa sababu wauguzi wanachukua sare zao saa moja kamili asubuhi kabla ya zamu, na mlango lazima uwe wazi kumi na mbili na nusu. Kimya atashuka tu afungue. Hawezi kuchelewa mahali anapolala.

Bosi alinitazama kama doa ambalo halijulikani limetokana na nini. Akasema haya. Majaribio. Siku mlango usipofunguka, natoka na godoro langu.

Jioni akatupeleka tukaone. Duka chini, ngazi ya mbao ndani kwa ndani, halafu chumba. Dirisha moja linalotazama barabarani. Bosi ana ufunguo wake wa mlango wa chini, nami nikapewa wangu. Na kwa ndani kuna komeo la chuma, nene kama mkono. Nikalisukuma. Likaingia kwa sauti. Lo! Kama ngome!

Nilitaka kumwambia Kinyonga kitu. Yeye akaniwahi, kasema usiseme, kaka, nimeshasikia. Marahaba.

Basi na yeye ana utani. Sikuwahi kumwona nao. Kumbe sikumchunguza vizuri.

Jumapili, 16 Machi

Nimehama. Kochi limetangulia kutoka mlangoni, mimi na begi langu nyuma yake, kama msiba wa mtu mmoja mnene. Shemeji kanipa mkono mara mbili. Dada kalia, kanipa mto na shuka yenye maua, kasema mdogo wangu, sasa hapa hakuna tena pa kurudi, ushike hapo ulipopata. Nikasema nitashika.

Chumba kina mwangwi. Nimesema habari yako, nikaitikiwa. Nikaongea saa nzima!

Ijumaa, 21 Machi

Siku tano mlango nimefungua mimi. Kumi na mbili na nusu, kila siku. Wauguzi wanakuja, wanachukua sare, wananiambia asante kaka. Mmoja ana kicheko. Nimemjibu karibu. Si shikamoo. Karibu! Sijaunguza kitu. Bosi kapita Jumatano, kalitazama daftari lake, hakuandika.

Leo Kinyonga kanirudishia kompyuta. Foronya kaifua na kuipiga pasi. Hata F kaipata mahali kaibandika. Nikamuuliza umechoka? Kasema hapana, amemaliza.

Hakuna mtu anayemaliza gemu lile. Halimalizwi!

Kasema ngome zote ni zake, isipokuwa moja ya kaskazini. Hiyo kaniachia mimi, kama shukrani. Ngome moja tu, kaka, halafu na wewe utakuwa umemaliza, ulale. Na farasi kambadilisha jina, sasa anaitwa Shemeji. Nilimwambia siku moja, kumbe alisikia.

Nimeiweka kompyuta juu ya kabati. Sitaigusa. Mimi si mtoto.

Jumapili, 23 Machi

Saa nane mchana. Dobi imefungwa leo, hakuna wa kunisumbua. Nimeishusha kuifuta vumbi.

Nitafanya kama Kinyonga. Saa moja. Nimetega kengele ya simu.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika huku gemu linapakia. Kupakia vita kunachukua muda wa kuchemsha chai, ubovu mwingine huo.

Kengele ililia jana saa tisa. Nikaizima kwa sababu ilikuwa inanipotezea mawazo.

Dirisha lina mwanga. Saa moja na dakika ishirini asubuhi. Chini wanagonga. Mwanzo waligonga kwa adabu, sasa kwa ngumi. Nasikia sauti ya yule wa kicheko, hacheki. Wauguzi kama thelathini, zamu imeanza, wamevaa nguo za nyumbani. Bosi kajaribu ufunguo wake, umezunguka vizuri, lakini komeo haliguswi kwa nje. Nililisukuma jana, kwa raha tu. Anaita jina langu la kuzaliwa. Sikujua analijua.

Ningeshuka. Naapa ningeshuka. Lakini vita vimeshapakia, na katikati ya vita gemu halihifadhi. Ukitoka linakurudisha mwanzo, na nina askari mia nne chini ya ukuta. Nimewaambia wagawanyike, kama Kinyonga alivyofanya na meza. Hawasikii. Wote wako kwenye ngazi moja. Dakika kumi tu. Kumi na tano.

Na nimepata dawa. Shida ya Bosi ni kwamba kila siku anawahi. Mtu anayewahi ndiye anayeona wengine wamechelewa. Nitampendekezea gemu. Akinogewa atachelewa yeye, na mimi nitakuwa nimepona! Nitaanza na uzuri safari hii. Ubovu nitautaja mwisho.

Nimefungua dirisha nijieleze. Nilikuwa na sababu tatu. Wakainua nyuso zote. Nikasema shikamooni.

Hakuna aliyeitikia. Nimefunga.

Sina hofu lakini. Hili komeo hawaliwezi, na dirisha liko juu. Wapande na nini? Nimechungulia tena. Kinyonga anakuja kutoka upande wa hospitali, anatembea polepole kama kawaida yake, kitambaa mfukoni, na nyuma yake mafundi rangi wa wodi wamebeba ngazi.

Ngazi mbili.